Tafadhali ya Fundi

Gari lilipita saa tatu asubuhi, wakati soko ndiyo kwanza linajikunjua. Lilikuwa gari jeupe dogo la manispaa, na juu yake zilifungwa spika mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Fundi alikuwa ameinamia cherehani akipunguza kiuno cha sketi ya shule. Alisikia kwanza mkwaruzo, kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Wafanyabiashara wote wa safu ya tatu hadi ya saba, mnatakiwa kuondoa vibanda vyenu kabla ya tarehe thelathini. Vibanda vitakavyobaki vitabomolewa. Tafadhali, zingatieni tangazo hili."

Mguu wake ulisimama kwenye pedali. Haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yake hasa, na alikuwa ameisikia nyumbani kila siku kwa miaka miwili ikimsomea mumewe. Hata ile "tafadhali" ilikuwa yake, yenye kicheko kidogo ndani, kama ya mtu anayeomba apishwe mlangoni huku amebeba sinia.

Gari lilikwenda hadi mwisho wa safu, likageuka, likarudi na maneno yale yale. Mama Vikombe, aliyeuza vikombe, sahani na birika katika kibanda cha jirani kwa miaka kumi na minne, alichungulia nje. Alimtazama Fundi. Akalitazama gari. Akamtazama tena Fundi, ambaye midomo yake ilikuwa imebana pini mbili na haikusogea hata kidogo.

"Wewe," alisema Mama Vikombe. "Mbona uko huku na huko?"

Fundi alitoa pini mdomoni akacheka, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile. Alicheka kwa aibu tu, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu, lakini kicheko kilikuwa kile kile cha kwenye gari, na vibanda vitano vya jirani vilikisikia.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeota miguu. Mmoja alisema Fundi ameajiriwa na manispaa. Wa pili akaongeza kwamba ameahidiwa chumba cha mbele katika jengo jipya litakalojengwa hapo sokoni. Muuza mikanda, mtu ambaye hajawahi kupitwa na neno tangu azaliwe, alijua hata rangi ya bahasha aliyopelekewa. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe mpaka saa nane, alipofika katibu wa wafanyabiashara na watu watatu nyuma yake.

"Fundi, sisi tunataka ukweli tu," alisema katibu. "Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikwenda lini kuwasomea tangazo?"

"Sijawasomea kitu. Ile ni sauti ya kompyuta. Niliitoa mimi, iwasomee vipofu. Mtu yeyote akiandika maneno yake, kompyuta inayasema kwa sauti yangu."

Katibu alitazamana na wenzake. "Yaani umewapa sauti yako waseme wanachotaka."

"Sikuwapa wao. Nilitoa bure, kwa watu wote."

"Bure?" Muuza mikanda alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umetuuza bure? Si afadhali basi ungelipwa!"

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumchekea. Fundi aliinamia sketi yake, akashona kiuno kizima kwa upande usio wake, ikabidi afumue chote.

*

Nyumbani kwa Fundi hakuna aliyeingia kimya. Tangu macho ya Mwalimu yalipozimika miaka tisa iliyopita, kila anayevuka kizingiti husema "Mimi," basi, na Mwalimu anajua ni nani. Siku ile Fundi aliisema kwa sauti ya chini mno, hata mumewe akauliza mara mbili.

Mwalimu alikuwa mezani, simu mbele yake, akisahihisha insha za historia. Wanafunzi walimtumia insha kwenye simu, na simu ikamsomea kwa sauti ya mkewe. Wakati ule ilikuwa ikisoma insha ya mwanafunzi aliyedai kwamba vita vilianza kwa sababu mfalme alikosa usingizi.

"Zima hiyo," alisema Fundi.

"Ngoja amalize. Nataka nijue usingizi ulimpata lini."

"Mwalimu, nimesema zima."

Aliizima. Fundi akamsimulia yote, toka mkwaruzo hadi bahasha. Binti yao aliingia katikati ya simulizi, akasema "Mimi," akabaki amesimama mlangoni na begi begani. Huyu binti alikuwa akitengeneza kompyuta za ofisi mchana, na jioni, bila kulipwa na mtu, alikuwa mmoja wa watu wanaojitolea kuunda programu huria, ya bure kwa wote, inayosoma maandishi kwa sauti. Walikuwa kama thelathini, kila mmoja kwake, wengi wao hawajawahi kuonana. Kabla Fundi hajaingia humo, programu hiyo ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Mwalimu alikuwa karibu kuacha kazi kwa sababu yake.

Ndipo binti alipomwomba mama yake sauti. Kwa miezi minne Fundi aliingia kabatini kila baada ya chakula, akakaa juu ya ndoo katikati ya makoti ili mwangwi usiingie, kipaza sauti mbele ya mdomo, akasoma sentensi elfu tatu na mia mbili. Zilikuwa sentensi za ajabu, zilizotungwa ili kila mlio wa lugha upatikane. Mbuzi wa daktari amepanda ngazi. Nyanya wa ng'ombe hanywi chai. Alitoka kabatini amelowa jasho, akiuliza huyo mbuzi ameshashuka au bado.

"Ni ile 'tafadhali' ndiyo iliyoniumbua," alisema Fundi sasa. "Sauti tu wangeweza kubisha. Ile hawawezi."

Wote watatu walijua ilikotoka. Siku ya sentensi hiyo Mwalimu alifika kwenye kabati, akagonga, akauliza wanapika nini humo ndani, na Fundi akacheka katikati ya neno. Binti alitaka irudiwe. Mwalimu ndiye aliyekataa. Alisema, iacheni hiyo, hiyo ndiyo ninayoijua mimi.

"Mama," alisema binti, "nitaandika leo hii kule kwa wenzangu. Tutaona."

"Ile karatasi niliyosaini ilisemaje?"

Binti alihamisha begi bega la pili. "Ilisema yeyote anaweza kuitumia, kwa kazi yoyote."

"Nakumbuka nilikuuliza. Nilikuuliza, hata kama ni mtu mbaya?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibuje?"

Binti alitua begi chini. Alikuwa na miaka ishirini na sita na wakati huo alionekana kama ana tisa. "Nilisema mtu mbaya atafanyia nini sauti ya kusomea."

*

Afisa wa masoko alikuwa kijana mstaarabu, hilo tumpe. Aliwapa viti. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu yake, kisha akavuta faili.

"Kwa hiyo, mama, lalamiko lako ni kwamba sauti ni yako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Una uthibitisho gani?"

Fundi alishangaa. "Si unanisikia ninavyoongea?"

"Mimi nakusikia. Faili halisikii. Nikiandika hapa kwamba nimemsikia mama mmoja akiongea, mkubwa wangu atanicheka. Sauti si kitambulisho."

Binti alitoa yale makubaliano, aliyoyachapa asubuhi ile. Afisa aliyasoma kwa makini, na alipofika chini akainua nyusi.

"Lakini hapa umesaini mwenyewe. Yeyote, kwa kazi yoyote."

"Ilikuwa kwa ajili ya vipofu," alisema Fundi.

"Sioni vipofu hapa."

Ni kweli, hawakutajwa. Waliojitolea hawakuwataja kwa sababu hawakutaka kumzuia mtu yeyote mwema ambaye hawajamfikiria. Walikuwa wamewafikiria walimu, madaktari, wazee wasioona vizuri, na mtu ambaye angebuni jambo jema lisilokuwapo bado. Orodha yao ya watu wema ilikuwa ndefu, na hawakuandika nyingine.

"Mkandarasi wa matangazo alitafuta sauti ya bure, akaipata," afisa aliendelea. "Hajaiba. Wewe ulilipwa kitu?"

"Hapana."

"Kuna mapato uliyopoteza?"

"Hapana."

"Basi nisaidie, mama. Hapa pameandikwa 'hasara'. Niandike umepoteza nini?"

Fundi aliitazama ile nafasi kwenye fomu. Ilikuwa fupi, ya neno moja au mawili. Alitamani kusema mambo mengi na hakuna lililotosha pale.

"Andika majirani," alisema.

Afisa aliandika kitu, akafunga faili, akasimama kuwaaga kwa adabu. Huku nje, kwenye kaunta ya mapokezi, karani aliyekuwa amesikia mazungumzo alimshika Fundi mkono.

"Mama, samahani. Hebu sema 'tafadhali'."

Fundi alidhani ni sehemu ya uthibitisho. Akasema. Karani na wenzake wawili wakapiga kaunta kwa viganja, wakacheka hadi machozi. "Ndiye! Ndiye kabisa! Asante mama, umetuchangamsha leo." Binti alimwondoa mama yake kwa kumsukuma mgongoni, taratibu.

*

Katika mradi ule wa kujitolea, kila jambo liliamuliwa kwa maandishi, na kila mtu alikuwa na jina la kuchezea. Aliyekuwa na neno la mwisho aliitwa Bawabu, kwa sababu hakuna kilichoingia bila yeye kukipitisha. Binti aliandika ombi lake la kuifuta sauti Jumatatu ile ile. Kufikia Alhamisi lilikuwa na majibu sitini na manne, na Mwalimu akasema yasomwe kwa sauti, wote wasikie, kwa kuwa jambo lenyewe ni la wote.

Hakuna aliyefikiria mapema. Ni kosa la watu waliozoea kitu mpaka hawakioni tena. Binti alibonyeza, na simu ikaanza kusoma kwa sauti ya Fundi.

"Ndugu yetu, tumesoma habari za mama yako kwa masikitiko makubwa."

Mwalimu alinyoosha mkono aizime, lakini Fundi aliushika mkono huo akaurudisha mezani. Akasikiliza. Ilikuwa kama kukaa na kuambiwa na mdomo wake mwenyewe jinsi asivyoweza kusaidiwa. Sauti ilieleza kwamba ruhusa iliyotolewa haiwezi kurudishwa. Kwamba programu imeshapakuliwa mara elfu kumi na moja, na nakala hizo hazina wa kuzikusanya. Kwamba wakiifuta kwao, gari litaendelea kama kawaida, maana gari haliwahitaji wao tena. Mmoja aliyeitwa Kobe alitukana manispaa kwa sentensi sita, na sauti ya Fundi ikazisoma zote kwa upole. Mwingine, mtu mwenye nia njema kabisa, aliandika kwamba ile "tafadhali" iko kwenye orodha ya kasoro tangu mwaka juzi, na kwamba anaweza kuirekebisha kwenye toleo lijalo ikiwa itasaidia.

"Isiguswe," alisema Mwalimu.

Jibu la mwisho lilitoka kwa mtu asiyekuwa mwanachama.

"Mimi ni mpokea simu. Sijaona tangu nizaliwe. Kabla ya sauti hii sikuweza kazi yangu, sasa naiweza. Nimesikia mnataka kuifuta. Sijui mwenye sauti ni nani, lakini nakaa naye kutwa, ananisomea kila kitu hata barua za mama yangu. Naomba msimwondoe. Tafadhali."

Kicheko kidogo kikapita chumbani, kile cha kabatini.

Kisha Fundi akasema, "Mwandikieni huyo kwamba haifutwi."

"Mama, bado tunaweza kupiga kura. Wengi wako upande wako. Bawabu amesema ukitaka, ataifuta."

"Ataifuta halafu gari litanyamaza?"

Binti alitikisa kichwa, akakumbuka baba yake haoni, akasema, "Hapana."

"Basi unafuta nini? Unamfuta huyo mpokea simu tu."

Binti alilia waziwazi, kama mtoto, pua na yote. Alijua lugha nne za kompyuta na hakujua kuziba mdomo mmoja wa spika. Baadaye, alipokwenda kuosha uso, Mwalimu aliichukua simu, akapapasa hadi kwenye mipangilio, akarudisha ile sauti ya zamani ya kigeni. Ikamsomea insha iliyofuata kwa shida, ikikata maneno pasipokatika. Alisikiliza ukurasa mmoja mara tatu na hakumwambia mkewe kitu.

*

Gari lilipita mara tatu kwa siku. Siku zikabaki kumi na moja, zikabaki nane.

Sokoni kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote: ukibanwa na haja, unamwambia jirani "niangalizie," naye anaangalia kibanda chako mpaka urudi. Muuza mikanda alikuwa wa kwanza kuwa na shughuli nyingi. Mwenye duka la nyuzi akafuata. Fundi alianza kufunika cherehani kwa turubai na kufunga kufuli kila alipokwenda chooni, na kila kufuli lilipolia, mtu alikohoa. Mteja wa gauni la harusi alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. "Si mimi," alisema, "ni bibi harusi, anaogopa nuksi."

Mama Vikombe peke yake aliendelea kumwangalizia. Lakini hata yeye, siku moja gari lilipokwisha kupita na Fundi akageuka kumwuliza saa, aliinua kiganja.

"Mwenzangu, usinichukie. Ukiongea, moyo unanipasuka. Nadhani ni lile gari."

"Nifanyeje sasa?"

"Si wewe. Ni masikio yangu yamechoka. Niandikie tu, au nionyeshe kwa mkono. Mpaka haya yapite."

Fundi alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi: SAA NGAPI? Mama Vikombe akasoma, akacheka, wakacheka wote wawili. Siku ile ilikuwa mzaha. Siku ya pili aliandika bei za wateja kwa chaki. Siku ya nne aligundua kwamba wateja hawakurupuki tena akiwahudumia, na kwamba muuza mikanda ameacha kumkebehi, maana hana cha kukebehi. Alipokuwa kimya alikuwa tena Fundi tu, mwanamke wa cherehani, na soko likaanza kumsamehe kidogo kidogo. Futi yake ya kupimia shingoni, chaki mkononi, mdomo umefungwa. Akaanza kuona ni nafuu, akawa hivyo hata njiani, hata dukani.

Tarehe ishirini na tisa binti alikodi mkokoteni, wakarudisha cherehani nyumbani. Mama Vikombe hakuhama. Alisema tangazo kama hili lilitolewa mwaka ule, na mwaka mwingine ule, na vibanda viko pale pale. Katibu mwenyewe amesema yako mazungumzo. Na vikombe si nguo, mtu hawezi kuvikunja akaenda navyo. Tarehe thelathini hakikutokea kitu. Tarehe ya kwanza pia. Tarehe ya pili Mama Vikombe akaingiwa na wasiwasi, akatuma ujumbe: njoo tufunge vitu pole pole, ila wasione watu kwamba nimeogopa.

*

Walianza saa mbili asubuhi. Mama Vikombe alipiga magoti ndani kabisa, chini ya rafu ya nyuma, akivifunga vikombe kimoja kimoja kwa gazeti na kuvipanga kwenye katoni. Fundi alizibeba katoni hadi mwisho wa safu, kwenye mkokoteni. Hawakuongea. Kila alipoingia alimgusa begani, na mwenzake akasukuma katoni nyingine bila kugeuka.

Gari jeupe lilikuja kama kawaida, likasimama upande wa barabara, likaanza. Wafanyabiashara wote wa safu ya tatu hadi ya saba. Watu hawakuinua hata vichwa. Walikuwa wameshalisikia mara tisini.

Fundi alikuwa amefika kwenye mkokoteni na katoni ya tano alipoliona tingatinga. Halikuja kutoka barabarani. Lilikuja kutoka nyuma, kwenye uwanja wa takataka, na dereva wake, mtu mwenye kofia ya njano na vizibo masikioni, aliona migongo ya mabati tu mbele yake. Alikuwa ameambiwa vibanda ni vitupu, maana muda umepita. Bati la kwanza lilijikunja. Kibanda cha Mama Vikombe kilikuwa cha tatu.

Fundi aliitua katoni akapiga kelele.

"Toka! Mama Vikombe, toka! Tokeni nje, tafadhali!"

Alikuwa na wiki nzima hajapaza sauti, na ilitoka nzima, safi, ikavuka soko lote. Muuza mikanda, umbali wa hatua kumi, aliendelea kupanga mikanda yake kwenye msumari. "Tumesikia!" alisema bila kugeuka. "Kila siku tumesikia!" Mwenye nyuzi alisonya. Hakuna aliyeinua kichwa. Fundi akakimbia huku akiita, na kadiri alivyoita ndivyo watu walivyozidi kuinama kwenye vitu vyao, na huku nyuma yake gari likisema vibanda vitakavyobaki vitabomolewa, vitabomolewa, na yeye akisema toka, toka, na hapakuwa na mtu wa kutofautisha.

Rafu ya nyuma iliangukia ndani. Mlio wa vyombo ulikuwa mrefu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Viliendelea kuvunjika hata baada ya mashine kusimama. Ndipo watu walipogeuka.

*

Kwenye benchi la zahanati Mama Vikombe alikaa na mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka kwenye kiganja hadi kiwiko. Nyusi moja ilikuwa na mishono minne. Daktari alikuwa amesema ana bahati, na alisema hivyo mara mbili, labda kwa sababu hakuambiwa asante mara ya kwanza. Katika miaka kumi na minne ya biashara zilikuwa zimepona katoni tano.

Fundi alikaa karibu yake. Alikuwa na vumbi la kibanda kwenye nywele na chaki bado iko mfukoni.

"Nilikusikia," alisema Mama Vikombe.

Fundi aligeuka.

"Sikudanganyi. Nilikusikia vizuri kabisa. Hata jina langu nililisikia. Nikasema, ah, leo wameanza kututaja majina." Aliutazama mkono wake. "Halafu nikasikia 'tafadhali', nikajua ni lile gari. Nikaendelea kufunga vikombe."

Hakusema kwa lawama. Ingekuwa lawama Fundi angekuwa na cha kujibu. Alimfuta mwenzake damu iliyokauka sikioni kwa ncha ya kanga yake, akamsubiri mpaka dada yake alipokuja kumchukua, akaondoka kwa miguu.

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Binti alikuwa kazini. Mwalimu alikuwa mezani, na simu ilikuwa ikimsomea kwa ile sauti ya kigeni, ikikwama kwenye kila neno refu. Aliposikia mlango aliisimamisha.

"Nani?"

Fundi alisimama kwenye kizingiti. Lilikuwa neno moja tu. Alikuwa amelisema kila siku kwa miaka tisa bila kulifikiri, akiwa na mizigo, akiwa na hasira, akiwa anatafuna. Alifungua mdomo na halikuja.

"Nani hapo?" Mwalimu aligeuza uso, lakini akaugeuza upande wa dirisha, ambako hapakuwa na mtu. Mkono wake ulianza kutafuta fimbo kando ya kiti. "We nani? Mbona husemi?"

Fundi akaenda haraka, akaukamata mkono ule kabla haujaifikia fimbo, akauweka shingoni pake, kwenye futi. Vidole vya Mwalimu viliishika ile tepu ya fundi, vikaifuata namba kwa namba, vikapanda kidevuni, vikakuta mashavu yamelowa.

"Ni wewe," alisema, akashusha pumzi. "Umenitisha. Kuna nini?"

Alisubiri. Vidole vyake vilibaki kwenye midomo ya mkewe, vikiisikia inavyofunguka na kufungika.

"Sema basi," alisema Mwalimu. "Tafadhali."